Kitabu cha Kwanza cha Mtoto

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya elimu. Elimu ni bahari, nami nimepewa dakika chache. Kwa hivyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni kitabu cha kwanza anachopewa mtoto mdogo. Huenda wengine wakaona hilo ni la akina mama na walimu wa maandalizi. Mimi naona ni letu sote. Wengi wetu hapa ni baba, baadhi ni babu tayari, na tukenda dukani hutazama jalada na bei, basi.

Sisi Wazanzibari hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa hapa Unguja, na ndani yake kimo kisa cha punda wa dobi, pamoja na kima na papa, ambacho bibi zetu walitusimulia bila ya kumjua huyo Steere. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, ingia katika nyumba nyingi, ikiwa Mji Mkongwe, Ng'ambo au Makunduchi: utakuta msahafu na juzuu, utakuta madaftari ya skuli, lakini kitabu cha hadithi cha mtoto wa miaka 4 hukioni. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Mtoto tumemwita mapema. Swali ni tumemwandalia nini.

Basi tuchague vipi? Kwanza, picha. Mtoto wa miaka 3 hasomi herufi, anasoma picha. Picha iwe kubwa, iwe na jambo linalotendeka, na isirundikwe vitu. Ukitaka kukijaribu kitabu, funika maneno kwa kiganja, mwambie mtoto akusimulie anachokiona. Akisimulia, kitabu kina uhai. Aidha, aone humo anachokijua: dau, mnazi, soko la Darajani, bibi aliyejitanda kanga. Nimeona vitabu vilivyofasiriwa ambavyo kila ukurasa ni theluji. Sisemi mtoto wa Jambiani asiijue theluji. Nasema aione kwanza pwani yake kitabuni, ajue kuwa na kwao pia kunaandikika.

Pili, maneno. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiingereza kina maneno mengi ya herufi tatu, na vitabu vyao vya mwanzo hujengwa juu ya hayo. Ukivifasiri, wepesi wote hupotea, kwa sababu neno letu moja huweza kubeba sentensi nzima. Mpe mtoto wa darasa la kwanza neno "hawatamwambia" uone atakavyochoka njiani. Lakini lugha yetu ina neema yake: husomwa kama inavyoandikwa, na silabi zake nyingi ni nyepesi. Kitabu kizuri cha kuanzia huanza na maneno kama baba, kuku, papa na dau. Hurudia sentensi ile ile kwa kubadilisha neno moja. Tena huchelewesha ng', gh na mbw mpaka mtoto apate nguvu. Mstari mmoja au miwili kwa ukurasa yatosha.

Tukumbuke pia kuwa mtoto wetu hujifunza hati mbili. Chuoni husoma kutoka kulia kwenda kushoto, na skuli kutoka kushoto kwenda kulia. Huo si mzigo, ni utajiri. Ila mwonyeshe kitabu kinafunguliwa wapi, na unapomsomea upeleke kidole chini ya maneno. Na akikuta kitabu kimeandika "shule", hakuna kosa. Mwambie wenzetu husema hivyo, sisi twasema skuli.

Tatu, kiasi. Iko kanuni nyepesi ya vidole vitano. Mtoto asome ukurasa mmoja, na kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikishakunjika, kitabu hicho ni kizito. Msomee wewe, naye apewe chepesi zaidi.

Najua mtasema vitabu ni ghali, na watoto huvichana. Niliwahi kufika skuli moja ya shamba nikaonyeshwa vitabu vya hadithi vizuri kabisa, vimefungiwa kabatini ili visichakae. Vilikuwa safi, na watoto walikuwa hawajui kusoma. Ndugu zangu, kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya ndicho kilichopotea.

Vitabu navyo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia kutoa hadithi nyingi za Kiswahili zilizoandikwa na watu wetu. Katika intaneti, African Storybook ina vitabu vya picha vya Kiswahili vinavyoruhusiwa kuchapishwa bure.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili. Sisi wakubwa, kila mwaka wa wahitimu uchague skuli moja ya maandalizi, uipelekee vitabu vilivyochaguliwa kwa vipimo hivi, kwa sharti kwamba viwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Na siku ya Idi, kabla watoto hawajaelekea Mnazi Mmoja na pesa zao za sikukuu, tuwatilie na kitabu kimoja mkononi.

Nyinyi vijana, kazi yenu haihitaji fedha. Nendeni kwa bibi na babu zenu, andikeni kisa kimoja kwa sentensi fupi, mwenye kipaji cha kuchora achore, kisha kunjeni karatasi na kuzishona kwa uzi. Hicho ni kitabu. Msomeeni mdogo wenu, na pale atakapopiga miayo, mjue sentensi hiyo ni ndefu, muikate.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.