Mganga, Daktari na Mgonjwa Wetu



Mimi ni karani, si tabibu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasoma.

Mama yangu mkubwa aliugua ugonjwa wa sukari. Kila mwezi alipewa vidonge hospitalini, na kila jioni alikunywa dawa ya miti iliyotoka Mau. Siku aliyomweleza muuguzi habari hiyo alikemewa mbele ya watu. Tangu hapo alinyamaza. Alipoona nafuu akaviacha vidonge, wala daktari hakujua mpaka alipoletwa amezimia. Alipona, lakini mguu mmoja ulikatwa. Wazee wangu, mimi silaumu mti peke yake wala hospitali peke yake. Nailaumu ile siri iliyokaa kati yao.

Siri hiyo ina asili. Sheria ya Uchawi ilipotungwa na wakoloni mwaka 1925, mganga wa mizizi naye aliogopa kuhesabiwa pamoja na mchawi. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua tiba za asili, tena inataka pawe na utaratibu wa kumpeleka mgonjwa kutoka kwa mganga hadi hospitali. Mlango umefunguliwa, tuingie.

Tusiidharau miti. Mwaka 2015 Bibi Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel kwa dawa ya malaria aliyoitoa katika mmea uliotajwa na vitabu vya kale vya kwao. Hata hivyo hakuishia kusifu wahenga: aliupima, akajua kiasi na madhara yake.

Wala tusiamini kila kikombe. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na Wakenya wengi miongoni mwao, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Wako walioacha vidonge vya UKIMWI kwa kudhani wamepona, na ugonjwa ukawarudia.

Basi naomba Chama kikubali mambo matatu. Kwanza, kila mgonjwa amweleze daktari yote anayokunywa, na asindikizwe na mwanachama ikiwa anaogopa kukemewa. Pili, wazee wanaowafahamu waganga wetu wawasihi wampeleke hospitali upesi mgonjwa aliyewashinda. Tatu, tupande muiri na muthiga. Magome ya muiri yaliuzwa Ulaya kwa wingi hata biashara yake ikawekwa chini ya ulinzi wa mataifa mwaka 1995. Na mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama mkubwa hayuko tena kutembea kwa miguu miwili, lakini amenipa ruhusa niyaseme haya, ili mwingine asifiche.