Starehe ya Mmoja, Vumbi la Wengi



Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo Kiingereza huvitenga. Madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu, huitwa risasi. Na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki nacho huitwa risasi. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu linamkumbusha msemaji kila siku kwamba silaha na madini vimefungamana. Ufungamano huo ndio kiini cha mazungumzo haya.

Kwa wananchi wengi wa Afrika Mashariki, risasi ni kitu cha askari au cha mwindaji mwenye kibali, na hutoka kiwandani. Lakini huko Marekani wako raia wengi ambao, wamalizapo kazi za mchana, huingia katika banda la nyuma ya nyumba na kujitengenezea risasi kwa mikono yao. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1968 huwataka wanaotengeneza risasi za kuuza wawe na leseni; anayejitengenezea za kutumia mwenyewe haihitaji. Kwao hiyo ni starehe, kama mwingine anavyofuga njiwa au kuchonga vinyago. Yafaa kuuliza starehe hiyo imetoka wapi, inafanywaje, na ni nani hasa anayelipa gharama yake.

Asili yake ni mahitaji. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa nyati katika mbuga za Marekani walikuwa mbali mno na maduka. Waliokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, wakanunua baruti na risasi ghafi kwa uzani, na usiku wakayajaza upya kando ya moto. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven, Connecticut, ili kuwauzia watu wa namna hiyo kalibu na vyombo vya kazi.

Jambo jingine lililoikuza kazi hiyo ni umbo la fataki, yaani kile kidude kidogo kilichopachikwa kitakoni mwa ganda, ambacho hulipuka kikigongwa na kuiwasha baruti. Mwaka 1866 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan kila mmoja alibuni fataki yake. Ile ya Boxer hukaa juu ya tundu moja la katikati, hivyo iliyotumika hutolewa kwa kusukumwa na kipini tu. Ile ya Berdan hukaa juu ya matundu madogo, aghalabu mawili, na kuitoa ni taabu. Ajabu ni kwamba Wamarekani waliishika ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakaishika ya Mmarekani. Basi ganda la Marekani likawa rahisi kutumika tena na tena.

Vita Kuu ya Pili ilipowanyima raia risasi za dukani, kazi hiyo ilipata nguvu mpya. Mwaka 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vyombo vya kugandamiza risasi. Mwaka 1949 Joyce Hornady akaanzisha kampuni yake huko Grand Island, Nebraska. Watu hao walianza kama mafundi wa mabandani na wakaishia kuwa wenye viwanda.

Kazi yenyewe hudai uangalifu mkubwa. Ganda husafishwa na kurudishwa katika umbo lake, kwa kuwa moto wa baruti umelitanua. Hutiwa fataki mpya, kisha baruti iliyopimwa kwa mizani ya vipimo vidogo sana. Kipimo kimoja ni kama miligramu 65. Mwisho hupachikwa kichwa, na kichwa hicho ndicho ambacho wengine hukisubu wenyewe kwa kuyeyusha risasi na kuimimina katika kalibu. Risasi tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu. Kwa miaka mingi mchanganyiko uliopendwa ulitoka katika viwanda vya magazeti: madini ya mashine za Linotype, zilizopanga herufi kwa kuzisubu, yalikuwa na risasi asilimia 84, antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4. Magazeti yalipoziacha mashine hizo, mabaki yake mengi yaliishia katika vyungu vya wapenda bunduki. Madini yaliyochapa habari yakageuka vichwa vya risasi.

Hapana budi kukiri kwamba yapo mazuri katika tabia hiyo. Mtu asiyetupa ganda baada ya kulitumia mara moja amejifunza kuweka akiba. Mtu anayepima, akaandika daftarini na kulinganisha matokeo, anafuata njia ya elimu. Naye hana nafasi ya uzembe, kwani kipimo cha baruti kikitiwa mara mbili kwa kusahau, bunduki yaweza kupasuka usoni pake.

Hata hivyo kujitegemea huko kuna mpaka wake. Miaka ya 2020 na 2021, ugonjwa wa korona ulipoenea na Wamarekani wakakimbilia kununua silaha, fataki ziliadimika madukani. Wenye mitambo, kalibu na maganda tele nyumbani walikaa wakingoja, maana fataki ni kazi ya kiwanda na kuijaribu nyumbani ni hatari kubwa. Aliyejiona hamtegemei mtu aligundua kwamba msingi wa kazi yake umo mikononi mwa makampuni machache.

Ndugu wasikilizaji, kuna hesabu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo jiko dogo hulifikia bila shida. Wengi hudhani kwamba hatari imo katika mvuke wa chungu. Kwa kweli katika joto la kawaida la kusubu mvuke huo ni kidogo. Adui mkubwa ni vumbi. Limo katika taka zinazoenguliwa juu ya chungu, limo katika masizi ya fataki zilizolipuka, na hutimka maganda yanaposafishwa. Hukaa viganjani, katika mikunjo ya shati na katika nyayo za viatu. Mwenye banda hutoka, hufunga mlango, huingia sebuleni na kumpakata mwanawe.

Hapo ndipo starehe inapoacha kuwa ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na risasi iliyoingia kinywani. Humdhuru ubongo, humpunguzia uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtoto huyo hakuchagua bunduki wala kalibu.

Wala gharama haikomi nyumbani. Kichwa cha risasi kikimpiga mnyama huvunjika vipande vidogo, na ndege wala mizoga huvimeza. Mwaka 1982 tai wa California waitwao kondori walikuwa wamebaki 22 tu duniani, na sumu ya risasi ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Tangu Julai 1, 2019 jimbo hilo limekataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote. Denmark ilipiga marufuku marisawa ya risasi mwaka 1996, na Aprili 2024 ikaongeza vichwa vya bunduki za kuwindia. Wawindaji wa huko hawakuacha kuwinda. Wamehamia kwenye shaba na chuma.

Yawezekana msikilizaji akasema kwamba mambo haya ni ya Wamarekani. Ni kweli kwamba katika Tanzania kutengeneza risasi za bunduki bila kibali cha serikali ni kosa, na sheria ya mwaka 2015 inayodhibiti silaha haina starehe ya namna hiyo. Lakini madini hayaulizi uraia. Mvuvi anayesubu chubwi za mshipi wake katika sufuria iliyotoka jikoni, na fundi anayepasua betri kuukuu za magari ili auze risasi iliyomo, wanashika vumbi lile lile. Wasubuji wenye uzoefu huko Marekani huonyana wasiguse kabisa risasi ya betri, kwa sumu nyingine zinazoambatana nayo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaletea wakazi maradhi na vifo. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama upande wao. Fedha hizo ni haki yao, lakini haziwezi kumrudishia mtoto akili iliyopotea.

Basi somo si kwamba mikono ya watu isifanye kazi. Mikono yenye ujuzi ni hazina ya taifa lolote. Somo ni kwamba ujuzi haujakamilika mpaka mwenye kuumiliki ajue taka za kazi yake zinakwenda wapi na zinamfikia nani. Ayeyushaye risasi na afanye hivyo mahali pa wazi, mbali na chakula na watoto. Chombo cha kazi hiyo kisirudi jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni, na nguo za kazi ziachwe mlangoni. Ni mambo madogo, hayahitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu akubali kwamba ukuta wa banda lake si mpaka wa matendo yake.