Jambo Liandikwe Mara Moja: Viendelezi vya Wiki na Kazi ya Kukubaliana



Mada niliyopewa inasikika kama ya mafundi wa kompyuta. Kwa kweli inamhusu kila anayetunza kumbukumbu, awe mwanahistoria, mkutubi au mtaalamu wa mifugo. Hoja yangu ni hii: kiendelezi (programu ya nyongeza) kinachopanga data ndani ya wiki hutuwezesha kuandika jambo mara moja na kulitumia popote linapohitajika. Lakini faida hiyo haipatikani kwa kusakinisha programu tu. Inapatikana pale watu wanapokuwa wamekwisha kukubaliana wanataka kuuliza nini, na kila kitu wakiite kwa jina gani.

Ukurasa unaosomeka bila kuulizika

Ward Cunningham alizindua wiki ya kwanza mwezi Machi 1995. Wikipedia ilianza Januari 2001, na Wikipedia ya Kiswahili mwaka 2003. Wazo lenyewe ni jepesi: msomaji yeyote aweze kuuhariri ukurasa palepale alipo. Lakini ukurasa wa wiki ni maandishi matupu. Sisi tukiusoma tunaelewa; kompyuta huona mfululizo wa herufi.

Tuchukue miji ya kale ya pwani yetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu 2001, Fort Jesus ya Mombasa 2011, na Gede 2024. Tuseme idara ya akiolojia ina wiki yenye ukurasa mmoja kwa kila mahali, na kila ukurasa umetaja mwaka wake bila kosa. Mwanafunzi akitaka orodha ya maeneo hayo kwa kufuata miaka, itambidi afungue ukurasa mmoja baada ya mwingine, anukuu, apange, kisha aiweke orodha yake kwenye ukurasa mpya. Gede ilipoingizwa, kila orodha ya namna hiyo ilipitwa na wakati siku hiyohiyo, na aliyeiandika hakuwa na njia ya kujua.

Wengi hukimbilia jamii, yaani yale makundi yanayoorodheshwa chini ya ukurasa. Jamii husaidia, ila huchoka mapema. Unaanza na “Magofu ya Kenya”, unaongeza “Magofu ya Kenya yaliyo katika Urithi wa Dunia”, na baada ya mwaka una jamii nyingi kuliko kurasa.

Njia mbili za kupanga

Mwaka 2005, watafiti wa Karlsruhe nchini Ujerumani, wakiwemo Markus Krötzsch na Denny Vrandečić, walitoa kiendelezi kiitwacho Semantic MediaWiki. Kinaongezwa juu ya MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia. Badala ya kuandika “Gede iko Kenya” na kuishia hapo, mwandishi anaandika:

[[Nchi::Kenya]]

Msomaji anaona neno “Kenya” kama kiungo cha kawaida. Nyuma ya pazia, hifadhidata imepokea taarifa kwamba ukurasa huu una sifa “Nchi”, na thamani yake ni Kenya. Baada ya hapo, ukurasa wowote unaweza kuuliza:

{{#ask: [[Jamii:Maeneo ya kale]] [[Nchi::Kenya]] |?Mwaka wa urithi}}

Jibu linakuja kama jedwali. Ukurasa mpya ukiongezwa, nao unaingia humo bila orodha kuguswa na mtu. Wakati mwingine utachelewa kuonekana, kwa kuwa seva huhifadhi nakala ya ukurasa ili kupunguza kazi. Basi nakala hiyo ikifutwa, jibu jipya linatokea.

Njia ya pili ni Cargo, kiendelezi kilichotolewa na Yaron Koren mwaka 2015. Cargo haimtaki mwandishi aweke alama ndani ya sentensi. Data zinachukuliwa kutoka kwenye kigezo, lile sanduku la taarifa fupi pembeni mwa makala, na kuwekwa kwenye jedwali la hifadhidata. Kuuliza nako kunafanana na SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata:

{{#cargo_query: tables=Maeneo |fields=_pageName, Mwaka |where=Nchi="Kenya" |order by=Mwaka}}

Ipi ni bora? Semantic MediaWiki inampa mwandishi uhuru wa kubuni sifa mpya katikati ya kazi, na uhuru huo unafaa pale ambapo utafiti bado unatafuta umbo lake. Cargo inadai uamue safu za jedwali mapema, na ukizibadilisha lazima jedwali lijengwe upya. Kwa malipo yake inakupa utulivu. Zote mbili hufanya kazi na kiendelezi cha fomu, Page Forms, ambacho humwezesha mtu asiyejua alama hata moja kujaza nafasi zilizo wazi na kubofya kitufe cha kuhifadhi.

Mahali kazi inapokwama

Kwanza ni aina ya data. Katika Semantic MediaWiki, sifa ambayo haijatangaziwa aina huchukuliwa kuwa jina la ukurasa. Mwandishi anaandika 1981 akikusudia mwaka, kumbe mfumo umeelewa kuwa kuna ukurasa unaoitwa “1981”, na kwa kuwa haupo, unaonyesha kiungo chekundu. Mpangilio nao unaharibika: karne ya 14 inatangulia karne ya 9, kwa sababu mfumo unapanga kwa herufi na 1 hutangulia 9. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye ukurasa wa sifa hiyo, unaotamka kuwa hii ni namba. Mstari huo usipokuwepo, orodha nzima inapotosha huku ikionekana safi.

Pili ni majina. Mmoja anaandika “Gede”, mwingine “Gedi”. Mmoja “Tanzania”, mwingine “Jamhuri ya Muungano wa Tanzania”. Binadamu hana shida na hilo, lakini ulizo litaleta nusu ya majibu, tena bila kukuonya kwamba nusu nyingine imebaki.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ni mambo yenye tarehe. Jaribuni kujaza nafasi inayosema “Mji mkuu wa Tanzania”. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitolewa mwaka 1973. Bunge lilihamia huko mwaka 1996. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ilipitishwa mwaka 2018. Nafasi moja yenye neno moja haiwezi kubeba historia hiyo. Katika Cargo utahitaji jedwali la pili lenye mji, mwaka na tukio. Katika Semantic MediaWiki utaunda kifungu kidogo ndani ya ukurasa kwa kila tukio. Lakini kabla ya kuchagua chombo, lazima wanahistoria wakae na kuamua: tunahesabu tangu uamuzi, tangu kuhama, au tangu sheria? Hakuna kiendelezi kitakachowaamulia.

Funzo la Wikidata

Wikipedia yenyewe haikuwahi kusakinishiwa Semantic MediaWiki. Wazo hilo lilizaa mradi mwingine, Wikidata, uliozinduliwa Oktoba 2012 na kuongozwa mwanzoni na Vrandečić huyohuyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo kwa sura. Kabla yake, kila makala ilibeba orodha ya viungo vya makala ndugu katika lugha nyingine, na makala mpya ya Kiswahili ililazimu orodha hizo zirekebishwe katika kila lugha. Mwanzoni mwa 2013 viungo hivyo vilihamishiwa mahali pamoja. Leo Kenya ni Q114 na Tanzania ni Q924 kwa lugha zote. Ubishi wa majina umetatuliwa kwa namba, na kila lugha inabaki na jina lake. Sifa moja inaweza kubeba thamani kadhaa, kila moja na tarehe na chanzo chake. Dodoma inapata nafasi inayoistahili.

Ninachopendekeza

Idara inayotaka kuanza isianze na programu. Iandike maswali matatu ambayo leo inashindwa kuyajibu bila kupekua mafaili. Maswali hayo yataonyesha sifa zinazohitajika, nazo huwa chache kuliko zinavyodhaniwa. Kila nafasi ya ziada kwenye fomu ni nafasi itakayoachwa wazi. Kisha ateuliwe mtu mmoja wa kusimamia majina na aina za data. Na tangu siku ya kwanza, data zitolewe mara kwa mara katika mafaili ya CSV au JSON, ili kiendelezi kikikosa watunzaji, kumbukumbu zisife nacho.

Kwa Chuo ninaomba jambo moja. Kila mradi wa utafiti unaokabidhi data zake ukabidhi pia ukurasa mmoja unaoeleza kila sifa: jina lake, aina yake, kipimo chake na aliyeiamua. Ukurasa huo hauhitaji bajeti wala seva, na atakayekuja miaka 10 baadaye ataweza kuziuliza data hizo hata kama programu tunazotumia leo zimeshasahaulika.