Anza na Muhogo

Msikilizaji wa Kitangari, Newala na Masasi, leo tunazungumzia uchongaji. Jambo ni moja: anza na msingi.

Msanii George Lilanga alizaliwa Masasi mwaka 1934. Picha zake za rangi zimesifiwa hadi Ulaya. Lakini hakuanza na brashi. Alianza kwa kuchonga muhogo, kisha akahamia mti mgumu. Wale mashetani wanaocheza kwenye picha zake, wenye masikio makubwa, wametoka kwenye vinyago vyetu sisi Wamakonde.

Sasa mtazame fundi na gogo la mpingo. Tezo inaondoa gome na ule mti mweupe wa nje, mpaka weusi utokee. Analigeuza gogo, analigeuza tena. Anatafuta ufa. Ndipo patasi inaingia, halafu tupa, mwisho msasa. Anayeruka hatua hiyo ya kutafuta ufa, kinyago humpasukia mkononi kazi ikikaribia kuisha. Na mpingo, ndugu yangu, huchukua miaka mingi mno kukomaa. Si mti wa kujaribia.

Kwa hiyo anza na msingi. Kijana, wiki hii mtafute mzee anayechonga. Mpe shikamoo, kaa chini, mwombe akufundishe kunoa patasi. Chonga muhogo kwanza, kisha mti laini. Mzazi, mruhusu mtoto aende akitoka shule. Nawe mzee wetu, tezo isilale darini. Mwite mjukuu, awe wa kike au wa kiume, umwekee kigoda karibu yako.