Kitanda cha Ng'ombe na Usalama wa Maziwa: Maranda na Unga wa Mbao Zizini



Mfugaji akiulizwa gharama za ng'ombe wake wa maziwa, hutaja pumba, majani, dawa ya kupe na ujira wa mkata majani. Kitanda cha ng'ombe hakitaji. Hata hivyo, ng'ombe wa maziwa afugwaye ndani hulala kwa saa 10 hadi 14 katika siku moja, na muda wote huo kiwele chake hugusa kile alichotandikiwa. Maziwa yanayopokelewa asubuhi katika kituo cha chama huwa yamekwisha kulindwa, au kuharibiwa, usiku uliopita juu ya matandiko.

Katika sehemu zenye viwanda vya kupasua mbao, kama vile Mufindi na kandokando ya milima ya Kilimanjaro na Meru, mabaki ya mbao hupatikana kwa urahisi, na mfugaji huyapenda kwa kuwa mabua na majani makavu ni chakula cha mifugo. Kutandika mabaki hayo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kila kitokacho chini ya msumeno ni kitu kimoja.

Maranda si unga wa mbao

Maranda ni vile vipande vyembamba vilivyojikunja, vitokavyo kwenye randa. Kwa kawaida seremala hupiga randa mbao zilizokwisha kukauka, kwa hiyo maranda huwa makavu. Unga wa mbao hutoka kwenye msumeno, na mara nyingi gogo lililopasuliwa lilikuwa bichi. Unga wa gogo bichi waweza kuwa nusu yake ni maji. Mwanachama anayebeba gunia la kilo 20 za unga wa namna hiyo amebeba kilo 10 za mbao na kilo 10 za maji. Ameyalipia maji hayo, ameyasafirisha, kisha ameyamwaga zizini, mahali ambapo shida kubwa ni kuyaondoa maji.

Ukiwa mkavu, unga wa msindano hunywa sana: kilo moja huweza kunyonya kiasi cha lita 2.5 za maji. Kilo moja ya maranda hunyonya kiasi cha lita 2, na mabaki ya mbao ngumu kiasi cha lita 1.5 tu. Mtu akitazama hesabu hiyo peke yake atachagua unga. Lakini unga laini hugandamana na chuchu, na uloweshwapo kwa mkojo na kinyesi huwa shamba zuri la vijidudu.

Katika miaka ya 1970 wachunguzi wa Marekani walionyesha uhusiano kati ya unga wa mbao na ugonjwa wa kiwele uletwao na bakteria aitwaye Klebsiella. Bakteria huyo alipatikana hata katika unga ambao haujaingia zizini. Ugonjwa wake ni mkali, na mara nyingi hausikii dawa. Uchunguzi wa wakati huo ulionyesha pia kwamba hatari huongezeka pale bakteria wa jamii hiyo wanapozidi 1,000,000 katika gramu moja ya matandiko. Katika matandiko mabichi yenye joto, idadi yao huweza kupanda sana ndani ya siku moja.

Basi mfugaji mwenye ng'ombe wawili na apime mwenyewe. Amepata unga bure. Ng'ombe mmoja akivimba kiwele, maziwa yake hukataliwa kituoni; akitibiwa, humwagwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zitimie; na chuchu ikifa, haitarudi. Ada ya shule iliyotegemea maziwa hayo haitapunguzwa kwa sababu matandiko yalikuwa ya bure.

Kuuliza ni mti gani

Wafugaji wa farasi wana fundisho katika jambo hili. Huko Amerika Kaskazini, maranda ya mti wa jozi nyeusi yametambulikana kuwa sumu kwa farasi: aliyetandikiwa hayo huvimba ndani ya kwato na kushindwa kusimama. Farasi hupumua kwa pua tu, wala hawezi kutumia kinywa, na vumbi la matandiko humletea kikohozi kisichopona upesi. Kwa hiyo mtunzaji mwangalifu huchagua maranda makubwa yasiyo na vumbi, na humtoa mnyama nje wakati wa kutandika. Mwanachama mwenye punda wa kubebea maziwa na afanye vivyo hivyo.

Hapa nyumbani, maseremala wanajua jinsi unga wa mvule unavyowasha ngozi na pua. Hatari kubwa zaidi ni mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa kuwa dawa ya namna hiyo huweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki. Mabaki hayo yasiingie zizini kabisa, wala yasichomwe jikoni. Yale ya karakana za samani yachunguzwe pia, maana huchanganyika na misumari, gundi na rangi. Chaguo jema ni maranda makavu ya msindano ambao haujatiwa dawa.

Kazi ya kila siku

Maranda mazuri yaliyotunzwa vibaya hayana faida. Kinyesi na sehemu zilizolowa ziondolewe asubuhi na jioni, na maranda makavu yaongezwe. Theluthi ya nyuma ya malalo, mahali kiwele kinapotua, ibadilishwe kila siku. Kumwaga maranda mapya juu ya yaliyooza ni kuficha uchafu tu. Chokaa husaidia kidogo, lakini nguvu yake hupungua katika muda wa siku moja hivi, na ikizidi huchoma ngozi ya chuchu.

Baada ya kukamuliwa, tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Ng'ombe apewe majani wakati huo ili asimame. Jambo hilo halina gharama yoyote.

Matandiko yaliyotolewa yasipelekwe shambani mara moja. Mbao ina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno. Ikifukiwa mbichi, vijidudu vya udongo huichukua nitrojeni ya mahindi, na majani hugeuka manjano. Yarundikwe pamoja na kinyesi na mkojo, yageuzwe mara kwa mara na kutunzwa unyevu, mpaka mbao isitambulikane tena.

Sehemu ya chama

Mfugaji mmoja mwenye gunia moja hana nguvu ya kumwuliza mwenye kiwanda ni mti gani uliopasuliwa, wala kama ulitiwa dawa. Chama chenye wanachama mia chaweza kuuliza, na chaweza kukataa mzigo. Chama chaweza pia kujenga kibanda chenye paa na sakafu iliyoinuliwa, ili maranda yasinyeshewe. Kununua kwa pamoja wakati wa kiangazi. Na kuandika katika daftari kila mzigo umetoka wapi, lini, nao ni wa mti gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku viwele vitakapovimba katika nyumba tano kwa juma moja, daftari hilo litaonyesha kama nyumba zote zilitandika mzigo mmoja.

Kila mjumbe arudipo kwake na aingie zizini kabla ya kuitisha mkutano. Achote matandiko ya nyuma ya malalo na kuyafinya mkononi. Maji yakitoka, au mkono ukibaki umelowa, hapo ndipo mazungumzo ya mkutano yaanzie.