KUJUA SILIKA YAKO NA ZA WALIO NYUMBANI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya silika za watu na faida ya kuzijua katika jamaa. Jambo hili linatuhusu, kwani wengi wetu tumestaafu au tu karibu kustaafu. Kwa miaka mingi nyumba tuliiona jioni tu. Sasa tutashinda humo mchana kutwa, na watu ambao pengine hatuwajui kama tulivyojuana bwenini.

Fikra hii ni ya kale. Waganga wa Kiyunani, akiwemo Galen wa karne ya 2, walifundisha kwamba mwili una maji ya aina nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakizidi ya aina moja, mtu huwa mchangamfu, au mzito na mtulivu, au mwepesi wa hasira, au mtu wa majonzi. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa Uswisi, yule aliyefika Mlima Elgon mwaka 1925, alitoa kitabu kilichotofautisha watu ambao nguvu zao huelekea ndani na wale ambao nguvu zao huelekea nje. Huko Marekani, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers waliyafuata mawazo hayo, wakatunga maswali yanayogawa watu katika makundi 16.

Ndugu zangu, makundi hayo tuyapokee kwa hadhari. Habari ya yale maji manne sayansi imekwisha kuitupa. Na hayo maswali ya Marekani, watu wengi wakiyajibu tena baada ya wiki chache huangukia kundi jingine. Wataalamu wa leo hupenda zaidi kupima tabia kwa vipimo vitano, na wameona kwamba watu wengi wako katikati, si huku wala si kule.

Je, kuna faida gani basi? Ipo, tena kubwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kwanza, tunapata njia ya kutotafsiri vibaya. Mume akirudi kazini akanyamaza, mkewe husema, "Ana kiburi," au, "Ana mwingine." Pengine amechoshwa na maneno ya kutwa, na kimya ndicho kitanda chake. Mke naye akilizungumza jambo moja mara tatu, mume huona analaumiwa, kumbe mwenzake hufikiri kwa kusema. Kila mmoja anamhukumu mwenziwe kwa sheria za nafsi yake.

Pili, watoto. Kijana mkimya asiyekaa na wageni sebuleni si lazima awe hana adabu. Mzee anayemkaripia mbele za watu humfunga mdomo zaidi. Akimchukua shambani wakapalilia wawili, atasikia mengi. Wako vijana waliokwenda mbali, wakaacha kuandika na kupiga simu, si kwa kukosa mapenzi, bali kwa sababu nyumbani waliitwa "bubu" mpaka wakaliamini jina hilo.

Tatu, silika isifanywe kinga. Mtu asimpige mwenzake kisha aseme, "Mimi ni mtu wa hasira, ndivyo nilivyoumbwa." Silika hueleza mtu anaanzia wapi, mwendo ni wake mwenyewe.

Nashauri jambo moja, nalo halina gharama. Mkifika nyumbani, kila mmoja amwulize mwenzi wake, "Ukichoka, wataka nikufanyie nini?" Kisha asikilize asikate neno. Jibu hilo litamfaa kuliko makundi yote 16.