Hotuba ya Mweka Hazina: Tuliyojifunza Shule ya Matumaini

Wana Nkololo wote,

Mwaka huu sisi wanakamati tunaoishi Dar es Salaam tulikwenda Mgulani, Temeke, kutembelea Shule ya Matumaini. Ni shule ya msingi ya bweni ya Jeshi la Wokovu, inayosomesha watoto wenye ulemavu wa viungo. Tulibeba mchele, sabuni na madaftari. Kusema kweli, tulibeba na huruma nyingi.

Huruma ile haikupata kazi. Tulikuta watoto wa magongo na wa viti vya magurudumu wakitoka darasani wenyewe, wakitaniana kama watoto wote. Sisi tumesimama katikati ya njia ya mteremko tunawashangaa. Mmoja akatuambia, "Shikamooni, naomba njia." Tukapisha.

Njiani kurudi tulikumbuka nyumbani. Mnayajua madarasa mawili tuliyojenga kwa michango yenu. Hesabu zake tulizifunga sisi, kila risiti ipo. Lakini mbele ya kila mlango tuliweka ngazi tatu, na choo tukakijenga chembamba, bila hata chuma cha kushikilia. Yupo mtoto wetu ambaye mama yake alikuwa akimbeba mgongoni mpaka darasani. Alipofika darasa la tatu akawa mzito, mama akashindwa. Sasa anashinda nyumbani, wenzake wanampita asubuhi. Ada hadaiwi, maana elimu ya msingi ya serikali haina ada. Kinachomzuia ni ngazi tulizozilipia sisi.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake. Na mama gani atapenda mwanawe alale zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, wakati shule ipo jirani?

Kazi yenyewe si kubwa. Kipimo cha mafundi ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu zina kimo cha sentimita 45, hivyo kila darasa linahitaji mteremko wa zege wa mita 5 na nusu hivi. Tuongeze tundu moja la choo lenye mlango wa sentimita 90, mahali pa kukalia na vyuma vya kushikilia. Mchanga, mawe na nguvu za watu vipo nyumbani. Tunachoomba leo ni fedha za saruji, nondo na fundi.

Safari hii hesabu hatutazifunga kwa risiti peke yake. Tutazifunga siku mtoto yule atakapoingia darasani bila kubebwa.